Kutafsiri, kurekebisha au kutunga upya: ipi njia bora ya kupata kipimo cha sonona kwa Kiswahili?

Anayetaka kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyozidi, kwa watu wanaozungumza Kiswahili ana njia tatu. Anaweza kuchukua kipimo kilichotungwa kwingine akakitafsiri kama kilivyo. Anaweza kukitafsiri, kisha akakirekebisha na kukiongezea vipengele, yaani maswali, vinavyotoka kwa watu watakaopimwa. Au anaweza kuanza mwanzo kabisa, akusanye maneno ya watu wenyewe na kutunga kipimo kipya. Njia ya kwanza ndiyo inayopendwa, kwa sababu hojaji hupatikana ndani ya mwezi mmoja au miwili. Lakini hojaji peke yake si kipimo. Huwa kipimo pale tunapojua alama zake zina maana gani kwa huyu aliyekaa mbele yetu, na kazi hiyo haikwepeki katika njia yoyote kati ya hizi.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Kwa mradi unaotibu watu wa eneo moja, mara nyingi tunapendekeza njia ya pili. Ya kwanza inafaa ikiwa lengo ni kulinganisha nchi na nchi, au ikiwa tafsiri ya Kiswahili imekwisha kuhakikiwa kwa watu wanaofanana na wako. Ya tatu tunaishauri pale tu ambapo mahojiano ya mwanzo yameonyesha kwamba shida wanayoisema watu haimo katika kipimo chochote kilichopo, na fedha za miaka miwili au zaidi zipo mkononi.

Kutafsiri

Mfano unaojulikana zaidi ni hojaji ya PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Ina vipengele 9, kila kimoja kina alama 0 hadi 3, jumla ni 0 hadi 27, na inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Matumizi yake hayalipiwi. BDI-II ya mwaka 1996, hojaji nyingine ya sonona yenye vipengele 21, ni mali ya kampuni ya Pearson, na huwezi kuitafsiri wala kuinakili bila kibali. Masharti ya umiliki yasomwe kabla hata ya kumtafuta mtafsiri. Kuna kazi nzuri zilizokwama kwenye kuchapishwa kwa sababu hatua hii ilirukwa.

Watafsiri wawe wawili, Kiswahili kiwe lugha yao ya kwanza, na kila mmoja afanye kazi bila kumwona mwenzake. Mmoja awe anaijua taaluma ya afya ya akili, mwingine asiijue kabisa. Huyu wa pili ndiye atakayeandika kama watu wanavyosema. Mtu wa tatu huoanisha matoleo mawili. Kisha mwingine, ambaye hajaiona hojaji ya asili, huirudisha tafsiri katika Kiingereza. Hii ndiyo tafsiri rejeshi, ambayo Richard Brislin aliielezea mwaka 1970 na tangu hapo imekuwa desturi. Mwisho hukaa kamati ya watu 5 hadi 7, wakiwemo muuguzi na mtu wa kawaida asiye na shahada, kupitia kipengele kimoja kimoja.

Tafsiri rejeshi huaminiwa kuliko inavyostahili. Hojaji ya CES-D ya mwaka 1977, nayo ya sonona, ina kipengele ambacho Kiingereza chake kinaitaja huzuni kwa jina la rangi ya buluu. Mtafsiri akiandika “rangi ya buluu”, anayerudisha ataandika neno lile lile la asili, na jedwali la ukaguzi litaonyesha kwamba mambo yamelingana kabisa. Mama aliyeulizwa swali hilo hatakuwa ameelewa kitu. Tafsiri ya neno kwa neno ndiyo inayofaulu mtihani huu vizuri zaidi, na ndiyo inayofeli uwanjani. Ndiyo maana tunauona utaratibu wa timu, uliopendekezwa na Janet Harkness (kutafsiri, kupitia pamoja, kuamua, kujaribu, kuandika kumbukumbu), kuwa na nguvu zaidi. Ukiwa na fedha za jambo moja tu, ziweke kwenye mahojiano ya uelewa (kumuuliza mtu ameelewaje kila swali) badala ya tafsiri rejeshi.

Kiswahili kina mitego yake ambayo miongozo ya kimataifa haiitaji.

Wa kwanza ni swali la kukanusha. Muulize mtu, “Hulali vizuri?” Akijibu “ndiyo”, kwa kawaida anakubaliana na ukanushi wako: ndiyo, silali. Lakini wapo, hasa waliosoma sana kwa Kiingereza, watakaosema “ndiyo” kwa maana ya kwamba wanalala. Jibu moja, maana mbili, na karani anaweka alama moja tu. Kila kipengele cha ndiyo au hapana kiandikwe kwa sentensi isiyokanusha: “Je, unapata shida ya kulala?”

Wa pili umo katika majibu ya PHQ-9. Jibu la tatu hutafsiriwa “zaidi ya nusu ya siku”. Msikilizaji anaweza kusikia saa za mchana badala ya idadi ya siku: huzuni inayoanza asubuhi na kupita adhuhuri. Sema “zaidi ya siku 7 kati ya hizo 14” na utata unaondoka.

Wa tatu ni vipengele vyenye pande mbili. Katika PHQ-9 vipo vitatu: kulala kidogo au kupita kiasi, kukosa hamu ya kula au kula mno, na kuwa mzito wa mwendo au kutotulia. Anayesoma mwenyewe huona pande zote mbili. Anayesomewa hukamata la mwisho alilolisikia. Kwa kuwa vituoni watu wengi husomewa, gawa kipengele katika maswali mawili na uchukue alama iliyo kubwa, ili jumla ibaki 27.

Kisha yako maneno yenyewe. “Wasiwasi” hubeba hofu, mashaka na hata kumshuku mtu. “Hamu” bila kutajwa ni ya nini huweza kueleweka kuwa ya chakula au ya tendo la ndoa. “Sonona” inajulikana zaidi Tanzania, “unyogovu” zaidi Kenya, na yote mawili ni maneno ya vitabuni kwa mtu wa kawaida, hivyo yasiingie ndani ya swali hata kidogo. Hojaji iliyoandaliwa Dar es Salaam isipelekwe Bukavu au Lubumbashi kwa kudhani Kiswahili ni kimoja. Huko ijaribiwe upya. Na kwa vipimo vya usingizi vinavyouliza saa, amueni mapema kama karani ataandika kwa saa za Kiswahili (saa kumi alfajiri) au za Kizungu (4 alfajiri), maana kosa la saa 6 halionekani kwa macho ndani ya takwimu.

Kurekebisha

Rwanda inatupa mfano wa njia hii. Paul Bolton, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2001, alianza kwa kuwauliza watu ni matatizo gani wameyaona tangu mauaji ya kimbari ya 1994. Wenyeji walitaja hali mbili kwa majina yao ya Kinyarwanda: *agahinda gakabije*, yaani huzuni iliyozidi, na *guhahamuka*, iliyo karibu na mshtuko wa kiwewe. Dalili za ile ya kwanza zililinganishwa na sehemu ya sonona ya Hopkins Symptom Checklist, hojaji ya dalili za sonona na wasiwasi. Nyingi zilifanana, zile za wenyeji ambazo hazikuwemo ziliongezwa. Kipimo kikabaki kinajulikana duniani, na kikawa kinazungumza na Mnyarwanda.

Kwa Kiswahili, kazi huanza na orodha huru. Zungumza na watu 30 hadi 40 wa eneo lenyewe na uwaulize swali moja pana: “Mtu wa hapa akizidiwa na mawazo, anakuwaje?” Andika maneno yao kama yalivyo, bila kuyasafisha. Yatakuja mambo kama kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, kifua kubana, kukaa peke yake, kuongea peke yake, kulia bila sababu. Hesabu kila jambo limetajwa na watu wangapi. Yanayorudiwa sana na ambayo hojaji ya asili haina, ndiyo yatakayoongezwa, 4 hadi 8 si zaidi.

Kanuni moja ya vitendo huokoa kazi nzima: vipengele vya asili viache pamoja, kwa mpangilio wake, mwanzoni, na vipya uviweke mwishoni. Hapo utapata jumla mbili, ile ya zamani inayolinganishwa na nchi nyingine na mpya ya kwenu. Ukivichanganya, majibu ya swali moja huathiri linalofuata, na jumla ya zamani haiwezi tena kuitwa PHQ-9.

Dalili za mwili ndizo zinazohitaji mkono mwepesi. Watu huzitaja sana, na ni kweli zinabeba huzuni. Lakini malaria, upungufu wa damu, mimba na VVU navyo huchosha mwili na kuondoa usingizi. Kwenye kliniki ya wajawazito, “mwili kukosa nguvu” litajibiwa ndiyo na karibu kila mtu, na kipengele kinachojibiwa hivyo hakitenganishi mtu na mtu. Chunguza kila kipengele kipya kwa swali hili: kati ya watu wawili wenye alama sawa katika vipengele vya asili, je, hiki kinamtambua aliye mgonjwa kweli? Kama sivyo, kitoe, hata kama kamati imekipenda.

Halafu mahojiano ya uelewa. Watu 10 hadi 15 kwa kila duru, duru mbili au tatu. Baada ya kila jibu muulize mtu alirudie swali kwa maneno yake, na alikuwa anafikiria nini aliposema “siku kadhaa”. Kipengele ambacho watu 3 kati ya 10 wamekielewa vingine hakitetewi, kinaandikwa upya. Wasioweza kusoma wapewe picha ya bilauri nne, tupu hadi iliyojaa, waonyeshe kwa kidole. Makosa mengi ya ngazi za majibu hupungua hapo.

Kutunga upya

Mjini Harare, Vikram Patel na wenzake walitunga Shona Symptom Questionnaire, iliyochapishwa mwaka 1997, yenye vipengele 14 vya ndiyo au hapana kuhusu wiki iliyopita. Ndani yake limo wazo la *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, ambalo msomaji wa Kiswahili analielewa bila mkalimani. Kipimo hicho ndicho kilichotumika katika mradi wa Friendship Bench wa Dixon Chibanda, ambako bibi waliofunzwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka 2016. Tanzania nayo inacho chake: mwaka 2008 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha kazi kuhusu kipimo cha vipengele 19 kilichotungwa hapa hapa. Na kwa watoto wadogo njia hii mara nyingi haina mbadala, kwa sababu vifaa vya kuchezea vya vipimo vya Ulaya ni vigeni kwa mtoto. Kilifi Developmental Inventory ya Kenya, ya watoto wa miezi 6 hadi 35, ilitokana na hitaji la namna hiyo.

Vipengele vya mwanzo viwe mara tatu au nne ya unavyotaka vibaki. Kwa kipimo cha vipengele 15, andika 45 hadi 60. Wataalamu 6 hadi 10 hukipa kila kimoja alama ya umuhimu. Kanuni ya Lawshe ya mwaka 1975 ni rahisi: toa nusu ya wataalamu kutoka kwa idadi ya waliosema “ni muhimu”, kisha gawa kwa nusu hiyo. Wataalamu 10, 9 wakikubali, ni (9 − 5) ÷ 5, yaani 0.80, kwa jopo la watu 10 kiwango cha chini ni 0.62. Baada ya mahojiano ya uelewa, jaribu kwa watu 200 hadi 300. Ondoa vipengele vinavyokubaliwa na chini ya asilimia 10 au zaidi ya asilimia 90 ya watu, na vile ambavyo uhusiano wake na jumla ya vingine hauvuki 0.30. Vilivyobaki uvijaribu kwa sampuli nyingine kabisa. Kuchagua vipengele na kuvisifu kwa watu wale wale ni kosa la kawaida, na matokeo yake huporomoka mwaka unaofuata.

Alfa ya Cronbach huonyesha jinsi vipengele vinavyokwenda pamoja. Kwa kulinganisha makundi, 0.70 inatosha, kwa uamuzi kuhusu mtu mmoja, lenga 0.90. Lakini alfa hupandishwa kirahisi. Andika “nina huzuni”, “nimejawa na huzuni” na “moyo wangu una huzuni”, alfa itapaa huku kipimo kikirudia jambo moja mara tatu.

Kundi la kulinganisha nalo lina uzito. MMPI ya mwaka 1943, hojaji ya utu, ilichagua vipengele kwa kulinganisha majibu ya wagonjwa na ya watu wa Minnesota, Marekani, wengi wao waliokuja hospitalini kuwaona jamaa zao. Wageni hao wakawa kipimo cha utu wa kawaida kwa watu wa kila mahali, hadi marekebisho ya mwaka 1989. Ukitunga kwa kutumia wanafunzi wa chuo, umetunga kipimo cha wanafunzi wa chuo.

Njia tatu bega kwa bega

Makadirio haya ni ya kupangia kazi, kwa timu ya watu wanne au watano.

| | Kutafsiri | Kurekebisha | Kutunga upya |
|---|---|---|---|
| Muda hadi hojaji | miezi 1–2 | miezi 4–6 | miezi 9–12 |
| Muda hadi kikomo (alama ya kumpeleka mtu kwa uchunguzi) | miezi 8–12 | miezi 12–15 | miezi 24–30 |
| Watu wa mahojiano ya awali | 20–30 | 50–80 | 100–150 |
| Kulinganisha na nchi nyingine | rahisi | inawezekana kwa jumla ya asili | vigumu |
| Kinachoharibu kazi | maana hupotea bila kuonekana | vipengele vipya huvuruga vya zamani | sampuli ndogo, fedha kuisha katikati |

Tazama mstari wa pili. Tofauti kati ya kutafsiri na kurekebisha ni miezi michache tu, kwa sababu kazi kubwa, ile ya kutafuta kikomo, ni ya wote.

Kikomo hakiazimwi

Kikomo ni alama ambayo kuanzia hapo mtu anapelekwa kwa uchunguzi zaidi. Katika utafiti wa 2001, PHQ-9 kwa alama 10 iliwanasa wagonjwa 88 kati ya 100, na iliwaacha salama 88 kati ya 100 wasio wagonjwa. Chukua namba hizo kama zilivyo, uzipeleke kwenye kata ambako asilimia 10 wana sonona. Kati ya watu 1,000, wagonjwa ni 100, unawanasa 88. Wasio wagonjwa ni 900. Unawanasa kimakosa 108. Chumba cha mshauri kina watu 196 na zaidi ya nusu si wagonjwa. Kwenye kliniki ambako asilimia 30 wana sonona, namba zile zile huleta watu 348, na 264 kati yao ni wagonjwa kweli. Hojaji haijabadilika; mahali ndipo palipobadilika.

Zaidi ya hapo, namba zenyewe hubadilika. Utafiti wa Kaaya na wenzake wa mwaka 2002, kwa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam, ulikuta kwamba kikomo kinachofaa kwa Hopkins Symptom Checklist-25 kilikuwa chini sana ya 1.75 iliyozoeleka. Waliotumia 1.75 wangewarudisha nyumbani wanawake wengi waliohitaji msaada.

Kutafuta kikomo, tabibu aliyefunzwa hufanya mahojiano ya uchunguzi kama MINI au SCID, bila kujua alama za hojaji, ndani ya saa 48. Ukitaka kujua uwezo wa kunasa wagonjwa kwa ukaribu wa asilimia 8 juu au chini, na unatarajia asilimia 85, unahitaji wagonjwa 77 hivi. Mahali ambapo robo ya watu wana sonona, hiyo ni mahojiano 308. Ambapo ni mmoja kati ya kumi, ni 770. Bajeti iandikwe kwa hesabu hiyo. Wanaobana matumizi huwahoji waliopata alama za juu peke yao. Hapo wagonjwa ambao hojaji imewakosa hawaonekani kamwe, na kipimo huonekana hodari kwa sababu makosa yake hayakutafutwa.

Hata baada ya kikomo kupatikana, alama moja ina mtikisiko. Ikiwa mtawanyiko wa alama kuzunguka wastani ni 5 na uthabiti wa kipimo ni 0.84, kosa la kawaida la upimaji ni 2. Ukihesabu makosa mawili ya namna hiyo juu au chini, mwenye 10 anaweza kuwa popote kati ya 6 na 14. Mwenye 9 asifungiwe mlango.

Kabla ya siku ya kwanza uwanjani

Vibali vichukue nafasi yake kwenye ratiba: NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kwa utafiti wa afya Tanzania, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) Kenya pamoja na kamati ya maadili ya taasisi yako.

Na kuna kipengele cha 9 cha PHQ-9, kinachouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Vipimo vingine vingi vya sonona vina kinachofanana nacho. Jibu lolote lisilo 0 linashughulikiwa siku hiyo hiyo, hata kama jumla ya alama ni 3. Kila karani awe na jina na simu ya mshauri aliye zamu, nauli ya kumsindikiza mtu hadi kituoni, na maelekezo ya kutomwacha peke yake hadi apokelewe. Kama hayo hayapo, upimaji usianze. Usikifute kipengele ili kazi iende. Mtu anayewaza kufa yupo, ameulizwa au hajaulizwa, na ukimuuliza uwe na mahali pa kumpeleka.